Mgeni Niliyemsahau Jina

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Isiolo, sikuyasikia kwa mtu. Najua utauliza kama nilikuwa nimelewa. Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko wewe, maana mimi ni mtu wa kujiuliza. Nikisalimiwa njiani naweza kukaa jioni nzima nikifikiria kama niliitikia vizuri. Lakini sikulewa. Nilichokuwa nacho kilitoshea kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Chupa hiyo nilipewa na meneja wa hoteli moja ya watalii nje ya mji. Nilisomea utalii chuoni, nikakaa nyumbani muda mrefu bila kazi, na sasa nilikuwa pale kwa majaribio. Ndani ya chupa mlikuwa na wiski ya Ireland ambayo, baada ya kukaa kwenye mapipa ya kwao, ilihamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Japani imalizie kukomaa humo. Meneja, mama Mmeru asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Kesho asubuhi unieleze ladha yake kama vile mimi ni mgeni. Usiniletee maneno ya kwenye intaneti, hayo ninayo. Ukishindwa nitamchukua mwingine."

Sasa mimi, ladha ya wiski naijulia wapi?

Nimepanga chumba mtaa wa Kiwanjani kwa Mama Zeinab, ambaye hataki kusikia pombe kwenye ploti yake. Kwa hiyo jua lilipoanza kushuka nilifunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha chai. Nikaonja. Kwanza nilipata utamu kama wa asali, halafu kitu kama ubani, ule unaokupiga puani ukipita maduka ya Wasomali kule Wabera. Na nyuma yake, niamini, ukaja moshi wa kibuyu. Sisi Wasamburu hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti wa lorien, na ukishaunywa moshi huo utotoni huwezi kuusahau. Lakini Japani ulifikaje?

Hapo nikaanza kuogopa. Kwetu kijana aliyetahiriwa hanywi maziwa peke yake, lazima awe na mwenzake. Hii si maziwa, nikajiambia. Lakini ina moshi wa maziwa. Je, inahesabika? Nilikuwa bado nalizungusha swali hilo kichwani mlango ulipogongwa.

"Hodi, msomi! Unakunywa peke yako kama fisi?"

Ilikuwa kwa lugha yetu. Nikafungua. Alisimama kijana wa rika langu, shuka nyekundu begani, kovu kwenye nyusi. Nilimjua papo hapo. Tulichunga mbuzi pamoja kwetu Oldonyiro, tukatahiriwa msimu mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kunywa naye maziwa. Nilikumbuka hata anavyokohoa kabla ya kucheka. Jina tu ndilo lililokataa kuja.

Wewe ungemuuliza? Mimi aibu ilinishika. Nilimkaribisha, nikammiminia kilichobaki kwenye kikombe cha pili, nikaanza kumzungusha kwa maneno.

"Siku hizi nyumbani wanakuitaje?"

"Hawaniiti," akajibu. Akakohoa, akacheka. Nikacheka pia, nikidhani ni mzaha.

Alinusa kikombe muda mrefu, kisha akanywa taratibu macho yakiwa yamefumbwa. "Hii ililala kwenye mti wa kwao," akasema, "ikahamishiwa mti wa watu wengine. Imeanza kusahau kwao, na ilikofika bado haijazoea. Kama wewe." Akaninyooshea kikombe. "Nipe cha kwako nimalizie. Lakini nitaje jina kwanza, ndipo nipokee."

"Chukua tu, ndugu yangu."

"Nitaje."

"Wacha mizaha, bwana! Unadhani nimekusahau?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyetembea kutwa akakuta duka limefungwa. Akaweka kikombe sakafuni, akatoka.

Kabla sijafunga mlango, Mama Zeinab alipaza sauti kutoka uani. "Wewe kijana! Huyo mgeni wako ni wa namna gani? Amenimwagia maji uwanja mzima, na mimi nimefagia sasa hivi!"

Nikachungulia. Nyayo za maji zilitoka mlangoni kwangu hadi getini. Maji gani? Ilikuwa kiangazi, mabomba yalikuwa makavu, na mtungi wangu ulikuwa mtupu tangu asubuhi. Nikaomba msamaha bila kujua naomba kwa kosa gani. Niliporudi ndani, kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile nilivyomimina. Nikakinywa. Hakikuwa na ladha yoyote, hata ule ukali haukuwepo.

Asubuhi sikuwa na maneno mengine, nikampa meneja yale ya mgeni, neno kwa neno, isipokuwa lile la mwisho kuhusu mimi. Akauliza, "Hayo umeyatoa kwa nani?"

"Kwa rafiki yangu."

"Anaitwa nani?"

Nikamrudishia chupa yake. Kazi alinipa.

Mchana nilimpigia kaka yangu aliye Oldonyiro, nikamuuliza habari za yule mwenye kovu kwenye nyusi niliyekuwa nakunywa naye maziwa.

"Unamtakia nini huyo?"

"Alikuja kwangu jana."

"Huyo hatumtaji," kaka akasema polepole. "Mto ulimchukua na mbuzi wake, wewe ukiwa chuoni."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje bila kumtaja?"

Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Nilikuwa nalijua hilo, tena vizuri sana.

Tangu hapo, chochote ninachokunywa peke yangu hakina ladha, iwe chai, soda, hata dawa. Nikikaa na mtu, ladha inarudi. Ndiyo maana utanikuta kibandani nikinywa chai na watu nisiowajua. Sielewi hadi leo: alikuja kunisaidia nipate kazi, au alikuja kutajwa? Au ni mimi niliyemwita nilipokunywa peke yangu? Wewe mtu akikubishia hodi, unamjua sura lakini jina limekupotea, usione aibu. Muulize kabla hujammiminia chochote.

Mimi nimechelewa. Majuzi, nikipanga glasi kazini, jina lilinirudia. Liko ulimini, lina moshi wa lorien, na sijalitamka. Jioni mlango ukigongwa, nafungua nikiwa nimefumba mdomo, lisije likanitoka.