Gololi ya Tatu Mezani kwa Marlys

Saa nane mchana, Jumamosi ya mwisho ya Machi, Marlys Zblewski ameshika gololi nyeusi juu ya bakuli la supu na haiachii. Wachezaji watatu wanavitazama vidole vyake. Anapoiachia, inalia ndani ya bakuli, na mzee Harlan Oestreich anavua kofia yake, anajikuna kichwa, anaivaa tena.

"Mbili," anasema Marlys. "Mmebakiwa na kosa moja."

Hiki ni chumba cha nyuma cha duka la michezo mjini Wausau, jimbo la Wisconsin. Mashine za kufulia za duka la jirani zinatetemesha ukuta. Mezani kuna penseli, dadu za pande ishirini na sahani ya vipande vya jibini mbichi, vile vinavyolia mdomoni ukivitafuna. Mengine yote yako kwenye maneno. Wahusika watatu wanawavusha wanakijiji arobaini juu ya ziwa lililoganda, barafu imeanza kuyeyuka, na jeshi liko nyuma yao.

Marlys, mwenye umri wa miaka 52, analipwa kwa kuuendesha mchezo huu wa kuigiza wa mezani. Yeye husimulia ulimwengu na hatari zake, wachezaji huamua wahusika wao watafanya nini. Safari ikiwa ngumu, huwapa kile anachokiita mtihani wa ujuzi. Kila mmoja kwa zamu hutaja anachofanya na kwa ujuzi gani, hurusha dadu, hujumlisha na namba ya ujuzi huo. Ikifika kumi na tano, gololi nyeupe inaingia bakulini. Isipofika, nyeusi. Nyeupe sita kabla ya nyeusi tatu, wamevuka. Ujuzi ulioutumia huruhusiwi kuurudia.

Mwandishi wa makala haya alikuja na kicheko chake mfukoni, akitegemea kuona watu wazima wakicheza kitoto. Kufikia gololi ya pili nyeusi, alikuwa akihesabu gololi pamoja nao.

Marlys aliwahi kupika katika shule moja ya msingi hadi magoti yalipomgomea. Miaka tisa iliyopita akaanza kuendesha michezo, dola kumi na tano kwa kila mchezaji kwa kikao cha saa nne. Alifika hadi wachezaji ishirini kwa wiki. Leo ana tisa, na alfajiri anakanda unga kwenye duka la mikate ili mambo yaende. Hana mtu wa kumlaumu.

"Nilidanganya," anasema bila kuzunguka. "Mara moja tu, na mara moja ilitosha."

Wakati huo alikuwa akirusha dadu zake nyuma ya kadibodi iliyowakinga wachezaji wasizione, kama wengi wa kazi yake wanavyofanya. Joka lilikuwa linamshambulia mhusika wa mchezaji mmoja, dadu ikaonyesha kumi na tisa, namba ya kumuua, Marlys akatangaza nne. Alimwonea huruma. Curt Pagel, fundi wa magari, alikuwa amesimama nyuma yake akijimiminia kahawa, na akaiona dadu.

Curt hakupiga kelele. Alivaa koti lake na kusema maneno ambayo Marlys anayakariri mpaka leo: "Kama hatuwezi kufa, basi hata ushindi wetu ni zawadi yako tu." Akaondoka. Habari ikazunguka mji, na meza zake nyingine zikaanza kupungua moja baada ya nyingine.

Ilimchukua miaka miwili kumrudisha Curt. Alirudi mwezi uliopita kwa sharti moja, dadu zote zionekane, na leo ni mmoja wa wale watatu mezani. Marlys akaitupa kadibodi, akanunua gololi, akajiwekea na sharti lake mwenyewe. Dadu hairushwi kabla hajasema kwa sauti ni nini kitapotea. Akishasema, hawezi kurudi nyuma.

Leo sharti hilo linamkaba. Bakulini kuna nyeupe tano na nyeusi mbili. Kamba imefungwa kwenye ufukwe wa ng'ambo, wanakijiji wanapita wakiishikilia, na mtu mmoja lazima abaki nyuma kabisa kuishika ncha ya mwisho.

"Mimi ndiye mwepesi," anasema Pa Houa Vang, muuguzi, ambaye mhusika wake ni mwizi asiyefika hata begani mwa mtu. "Nipe hiyo kamba, mzee."

Harlan anatikisa kichwa. Ana miaka 71, aliendesha malori mpaka mgongo ukamstaafisha, na msimu huohuo wa baridi alimuumba Tobrek, mbilikimo mwenye shoka. Wamekuwa pamoja miaka minane. Karatasi ya Tobrek, yenye jina na orodha ya ujuzi wake, imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa, imeungwa kwa utepe wa gundi pembe zote nne.

"Tobrek huwa wa mwisho," anasema Harlan. "Tangu lini akatangulia?"

Marlys anamuuliza atatumia ujuzi gani. Nguvu alishatumia, kupanda alishatumia. Harlan anasema Tobrek atalala kifudifudi na kuisikiliza barafu, kama yeye mwenyewe anavyofanya kila Januari akienda kuvua samaki ziwani. Barafu nyeusi inabeba, nyeupe imeoza, na ikitaka kukatika huongea kwanza. Marlys anakubali, huo ni usikivu. Tatizo ni kwamba Tobrek ana namba mbili tu kwenye usikivu. Dadu lazima ionyeshe kumi na tatu au zaidi.

Marlys hapendi anachotakiwa kukisema, na uso wake haufichi.

"Nikwambie utalipa nini. Unahitaji kumi na tano. Ukifaulu, mnafika wote. Ukikosa, wanakijiji watafika, na hawa wawili watafika. Aliyeshika kamba anazama. Siyo kuumia, Harlan. Kuzama. Bado unaweza kumwachia Pa Houa."

"Nimesikia."

Anarusha. Dadu inagonga sahani ya jibini, inajizungusha katikati ya meza, inatulia mbele ya macho ya kila mtu. Kumi na mbili. Na mbili za usikivu, kumi na nne.

Marlys anachukua gololi nyeusi na mkono wake unabaki hewani. Anayemzuia ni Curt.

"Moja tu, Marlys," anasema taratibu, hamtazami mtu. "Mzee amevua kwenye barafu maisha yake yote. Hata hiyo huwezi kumhesabia?"

Marlys anamtazama mtu aliyemwondokea kwa jambo hilihili. Anafungua mdomo, lakini Harlan anamuwahi.

"Acha, Curt. Alisema kumi na tano. Masikio yangu bado mazima."

Gololi inaanguka.

Macho ya Marlys yamejaa machozi, naye hayafuti. Anamwambia Harlan mwisho wa Tobrek ni wake yeye, ausimulie mwenyewe. Harlan anafikiri kidogo. Anasema Tobrek anaifungua kamba kiunoni ili asiwavute wenzake, analitupa shoka lake lifike ufukweni, na barafu inafunguka. Basi. Curt anasema mhusika wake anakwenda kuliokota shoka.

Baadaye, wengine wakiwa wanakunywa kahawa, Marlys anasema anataka kufungua meza ya Jumanne kwa wastaafu, kwenye maktaba ya mji, ikifika vuli. Ameshawaandikia, hawajamjibu. Kwa sasa ombi lake ni dogo, Jumamosi ijayo viti vitatu hivi viwe na watu. Anamwangalia Harlan anapolisema hilo.

Harlan ameikunja karatasi ya Tobrek na kuiweka kwenye mfuko wa shati. Anaomba karatasi mpya. Curt anamsogezea penseli yake.

Mahali pa jina Harlan anapaacha wazi. Anashuka moja kwa moja kwenye orodha ya ujuzi, na kwenye mstari wa kwanza anaandika polepole kwa herufi kubwa: KUOGELEA.