Maji ya Shingoni

Wewe uliyekulia Baraka miaka ile ya vita, ukisoma haya useme kama nadanganya: ziwa tulilinywa hivi hivi. Tuliogelea mdomo wazi. Kiu ikitubana katikati ya mchezo hatukurudi nyumbani. Tuliinamisha vichwa, tukanywa, tukaendelea kukimbizana majini. Vijana wa leo wakitoka sokoni kwenda kanisani lazima washike chupa ya maji mkononi kama wanavuka jangwa, na bado wanafika wakilalamika.

Mvua nayo ilikuwa na adabu. Mwezi wa tisa ukiingia, mama alitoa jembe na kuliegemeza ukutani, na kabla mwezi haujafika katikati matone yalikuwa yamegonga bati. Tulisomea chini ya hema la plastiki, kwa sababu paa la shule lilikuwa limekwenda na vita. Mvua ikianza mwalimu alipaza sauti, sisi tukapaza zaidi, mpaka wote tukacheka na somo likafia hapo. Nyumbani tulikuta ugali wa muhogo na ndagala, vile visamaki vidogo vinavyokaushwa ufukweni, vikiwa bado na punje za mchanga. Ulitafuna, ukasikia krr, ukameza.

Risasi zikianza tulikimbilia mashambani upande wa Lubondja, zikinyamaza tukarudi. Mama alizoea hata akawa na sufuria moja isiyofunguliwa kamba, ya kukimbia nayo. Baba alikuwa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu na barabara ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Wilondja, mwenye miaka minne na tumbo la mzee.

Kuchota maji kulikuwa na sheria zake, na kila msichana wa kando ya ziwa alizijua kabla hajajua kusoma. Maji ya magotini ni ya kufulia. Ya kiunoni ni ya kupikia. Ya kifuani ndiyo ya kunywa, kwa sababu tuliamini uchafu ni mvivu, unabaki ukingoni. Mimi nilikwenda mpaka shingoni. Niliingia na bidoni, dumu la njano, kichwani, nikasimama kwa ncha za vidole, nikaizamisha hadi ikaacha kutoa mapovu. Katika mtaa mzima hakuna aliyenishinda. Wamama waliniita: "Mapendo, unichotee ya shingoni, niko na mugeni!" Leo nina diploma ya afya ya jamii, niliyoitafuta mwenyewe ng'ambo ya ziwa, nikianzia shule ya kambi ya wakimbizi na kufyatua matofali kila likizo. Iko sebuleni ndani ya kioo, na mgeni huiona kabla hajaona kiti. Lakini sifa yangu ya kwanza niliipata nikiwa nimelowa.

Mwaka mmoja jembe liliegemea ukutani mwezi wa tisa, likaegemea mwezi wa kumi, na wa kumi na moja ukaingia bila tone. Watu waliokimbia vijiji vya ndani walikuwa wamejaa pale ufukweni, nyumba moja familia nne, na choo ni kimoja au hakuna. Kisha mvua yote iliyochelewa ikashuka ndani ya siku tatu. Mto Mutambala ukazoa kila kilichokuwa kimelala vichakani, ukakimwaga ziwani. Maji ya kifuani yakawa na rangi ya udongo. Ya shingoni yalionekana afadhali kidogo. Nikafanya nilichokijua: nikaenda mbali zaidi, nikiogelea na kuisukuma bidoni mbele yangu, nikarudi nayo kwa majivuno. Wilondja ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza.

Kesho yake asubuhi alianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Saa nne macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo lake ukiifinya ilibaki imesimama. Kipindupindu. Muuguzi alikuwa amekimbia na zahanati imefungwa. Majirani wa upande wa kushoto walikuwa wamekwisha kuzika.

Nyumba moja tu haikuguswa, ya Mama Zaina, mke wa mwenye mtumbwi wa injini, Waislamu wa tangu zamani hapo ziwani. Tuliwaita batu ba chai, watu wa chai, maana hawakunywa kitu kingine. Chai ya mchaichai asubuhi, mchana, jioni, sukari iwepo isiwepo, risasi zilie zisilie. Tuliwacheka sana. Sasa mtaa ulianza kunong'ona kwamba wana dawa na wanaificha. Mama akambeba Wilondja, mimi nikamfuata, akasimama mlangoni kwao.

"Mama Zaina, mi najua muko na dawa. Unisaidie, mutoto anaenda."

"Dawa gani, mama? Ingekuwa dawa ningeshauzisha, niwe tajiri! Ni chai tu tunakunywaka. Lete mutoto. Mulimupa mayi gani?"

"Ya shingoni," nilijibu mimi.

"Hata ungechota katikati ya ziwa! Mulichemusha?"

Mama akanitazama. Kuni zilikuwa adimu, tena ni nani angepoteza kuni kupika maji ambayo tayari yalikuwa mazuri?

Mama Zaina hakugomba. Aliteka maji ya chai kabla hayajatiwa majani, akayapoza, akatia sukari, halafu chumvi kidogo kwa ncha za vidole. Aliwahi kuonyeshwa na muuguzi, zamani, mwanawe wa kwanza alipougua. Akanipa kijiko. "Onja. Ikipita chumvi ya machozi yako, tunamwaga, tunaanza tena." Machozi nilikuwa nayo mengi siku hiyo, kipimo hakikukosekana. Nilikuwa nimekwisha kuelewa nani aliyachota yale maji.

"Akitapika, ngoja kidogo, umupe tena. Mukono usichoke."

Haukuchoka. Kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa, mama akishika kichwa, mimi nikihesabu pumzi zake na kumwahidi Mungu kwamba sitajisifu tena maisha yangu yote. Ahadi hiyo, wanaonijua wanasema, sikuitimiza.

Asubuhi iliyofuata Mama Zaina alimpakata ili mama anyooshe mgongo. Ghafla akaruka, kitenge kimelowa, akapiga vigelegele. "Amekojoa! Mutoto amekojoa!" Mtoto aliyekauka akikojoa, mwili umerudi. Mtaa wote ukatoka nje. Sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa namna ile. Wiki hiyo hiyo wamama walianza kubandika maji jikoni, na aliyekosa kuni alikwenda kuomba moto kwa batu ba chai.

Wilondja leo anatengeneza injini za mitumbwi, ana mabega kama mlango. Nikianza kusimulia mbele za watu ananikata, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, ile hadithi uache, mi niko na bibi na batoto!" Siachi. Kule chuoni mwalimu alipofundisha kipindupindu, nilisimama nikaieleza darasa zima, na mwalimu akaandika kipimo cha machozi ubaoni.

Niliporudi Baraka, ziwa lilikuwa limepanda. Pale ilipokuwa nyumba yetu sasa wanafunga mitumbwi, na vyoo vya mtaa wa chini viko majini. Mvua haijui tena mwezi wake. Inachelewa, halafu inalipiza. Rafiki yangu wa kambini, mwenyeji wa Minembwe, alikuwa akijigamba kwamba kwao juu milimani kuna baridi, mbu hawapandi. Sasa anasema wamepanda, bila hata kulipia pikipiki, na wazee waliokuwa hawajui chandarua wanaugua malaria. Kwa hiyo mimi na wenzangu hatungoji mgonjwa. Ukame ukirefuka tunapita nyumba kwa nyumba na dawa ya kusafishia maji kabla mvua haijashuka, tunawasukuma watu wachimbe vyoo mlimani, na kwa waliopandiwa na mbu tunapeleka vyandarua. Wanalalamika kwamba nasema sana. Nasema sana, ndiyo.

Watoto wa Wilondja hawajawahi kunywa maji mabichi. Hilo najivunia kuliko kile kioo cha sebuleni. Lakini juzi binti yake wa miaka minane, aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, alikaa nami barazani tukilitazama ziwa, jeupe, limetulia, akaniuliza:

"Shangazi, mayi ya ziwa ilikuwa na utamu gani?"

Ningeweza kumjibu kama mtaalamu. Nilimwambia ukweli: yalikuwa matamu, ya baridi kidogo, na ukiyanywa ukiwa unaogelea ulihisi ziwa lote ni lako. Akaendelea kulitazama. Na mimi siku mbili nzima nikashinda namchunga, asije akaenda kuonja.