Punda Aliyemaliza Kazi

Sisi tuliokulia Mhunze kabla ya mabomba ya maji tulilelewa na punda. Maji, kuni, magunia ya mtama, hata bibi mgonjwa wa kupelekwa zahanati, vyote vilipanda mgongoni mwake. Asubuhi tulikula michembe ya moto, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, kisha tukaongozana naye kisimani, nyayo zikiungua mchangani, tukiimba nyimbo za kuwakejeli watoto wa kijiji cha jirani.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya mavuno aliwafungua punda midomo. Aliyekuwa na meno marefu yaliyolalia mbele kwa uzee alivuliwa matandiko mbele yetu sote, na baba akatamka, "Huyu amemaliza." Tangu hapo hakubeba hata kijiti. Alilowekewa pumba zilainike, akala kabla ya wenzake.

Siku moja mimi na mdogo wangu Nkwabi tulishikwa na uvivu, tukamfungia punda mzee madumu mawili kwa siri. Hakukataa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikwenda mpaka kwenye mwinuko, akapiga magoti. Baba alipotukuta pale hakutuchapa. Alinigeukia mimi mkubwa, akasema, "Mwanangu, punda hana mdomo wa kusema nimechoka. Wa kumsemea ni wewe unayemtuma." Kiangazi chote tukabeba maji kichwani, punda wakitutazama. Shingo zetu zilielewa.

Nilidhani Nkwabi naye alielewa. Mwezi uliopita nilimtembelea Masumbwe, ambako punda wake hubeba viroba vya mawe kutoka kwenye mashimo ya dhahabu hadi kwenye karasha la kuyasaga. Nikamkuta Ngosha, punda wake wa kwanza, ana kidonda mgongoni kilichojaa nzi, na juu ya kidonda kimefungwa kiroba. Alipoanguka, vijana wa pale walitoa simu wampige picha. Hakuna aliyeinama kufungua kamba. Enzi zetu hatukuwa na simu, kwa hiyo mikono ilikuwa na nafasi.

Nkwabi akanieleza, bila haya, kuwa keshokutwa Ngosha anachukuliwa na wanunuzi wa ngozi. Nikamuuliza kama amemsahau baba.

"Dada, baba alikuwa na malisho. Mimi nina mashimo. Punda mzee anakula tu."

"Na wewe ukizeeka, utakuwa unafanya nini?"

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikafungua kamba mwenyewe, nikamwambia anitafutie gari la kumbeba Ngosha hadi kwangu, na kama ni ngozi anayoitaka, aanze na yangu. Gari likapatikana.

Vijana wa leo nawaeleza kwa upole, maana wengi hamkufundishwa: kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, pumba zilowekwe, apate kivuli na punda mwenzake wa kukaa naye. Si kazi ngumu, mtaiweza. Lakini upole huo unaniishia kila asubuhi nifunguapo mlango. Ngosha amesimama pale nje, ameinamisha kichwa, anasubiri mzigo. Namwelekeza kwenye majani, anarudi. Namwelekeza tena, anarudi. Punda wa enzi zetu walizeeka wakijua kwamba wamemaliza. Huyu hakuna aliyewahi kumwambia.