Kibanda cha Magunia Kando ya Silanga

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu, siku niliyomwona mjomba wangu akipaka magunia kinyesi cha ndovu.

Ilikuwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, ila nilikuwa na viatu vya shule, na pale kwetu mimi pekee ndiye niliyevaa viatu siku za kawaida. Uwindaji ulishapigwa marufuku, lakini majangili walikuwa wengi. Ungeamka usikie ndovu ameuawa na meno yameshakwenda. Kila gari geni tulilitazama mara mbili.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kizungu, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika kabla ya safari ile. Alisema kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba anapiga picha za ndege na wanyama. Watu wakamwita Mama Kamera. Mimi sikumwamini. Kamera yake ilikuwa na mdomo mrefu, naye aliifunga kwa kitambaa kama mtu anayeficha bunduki. Tena swali lake la kwanza dukani lilikuwa ndovu hunywa maji wapi. Mtu wa ndege anatafuta nini kwa ndovu?

Akamwajiri Mjomba Mwakio, kaka wa mama yangu. Ujanani mjomba alikuwa mwindaji wa upinde na mshale, lakini aliacha zamani. Jioni ile mama alimtania.

"Kaka, umepata kazi gani?"

"Kazi ya kukaa kimya."

"Wewe? Basi kesho asubuhi utafutwa kazi!"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake niliwafuata hadi silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, nikajificha nyuma ya kichaka. Mjomba alisimamisha kibanda kidogo cha magunia, akayapaka kile kinyesi ili kuua harufu ya watu, akaacha tundu moja likitazama maji, upepo ukiwajia usoni. Kisha wakaingia wote wawili wakanyamaza. Mwanangu, sisi wa kule tulijua kibanda cha namna ile ni cha nini. Ndivyo wawindaji walivyovizia majini tangu enzi za babu zetu. Niliona magunia, nikaona tundu, na yaliyobaki nikajijazia mwenyewe.

Ningeweza kusogea pale nikauliza. Badala yake nilipanda gari hadi Voi, nikawaeleza askari wa wanyama, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba mjomba anamwonyesha mgeni mahali pa kuulia ndovu.

Walikuja. Mama Kamera alikuwa na karatasi zake za ruhusa, wakamwacha. Lakini darini kwa mjomba walikuta upinde na podo la mishale, limejaa utando wa buibui. Mama Kamera alilia, akawasihi, ikawa kazi bure. Mjomba akafungwa.

Basi kijiji kikaanza kushukiana, ni nani aliyemchongea mjomba. Wengi walimnyooshea kidole mwenye duka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuja, kutoka Mwatate. Watu wakaacha kununua sukari kwake, mwishowe akafunga duka akarudi kwao. Mama alimlaani mbele yangu, nami nikaendelea kula ugali wangu.

Mjomba alirudi amekonda, mvua zimeshapita. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Twende, mpwa wangu." Tukaenda silanga. Magunia yalikuwa yameoza, ila miti ya kibanda ilikuwa bado imesimama. Tukaketi ndani. Baada ya muda kundi la kanga likaja, likainama kunywa.

"Siku ile niliona nyayo za viatu vyako zikielekea nyuma ya kile kichaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nikamwambia yule mama, huyu ni mpwa wangu, anaona haya kuingia. Tukakusogezea nafasi. Tukakungojea."

Nilifungua mdomo kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kidole. Kanga walikuwa bado wanakunywa.

Sikwambii umwamini kila mgeni, mwanangu. Majangili walikuwepo, na wa namna yao wapo hata leo. Shuku, lakini ukishashuku nenda ukaulize uso kwa uso, kabla hujakimbilia kwa mwenye pingu. Na ukijua umekosa, sema mapema, mwingine asije akabeba lawama yako. Mimi nilikwenda Mwatate kumtafuta yule mwenye duka nikiwa na mvi tayari, nikaonyeshwa kaburi.

Mungu akujalie macho makali, mwanangu, na akupe miguu ya kukufikisha karibu na kile unachokitazama.