Mbio za Kwenda Tu

Harufu ya bati lililopigwa jua hunipandisha hasira mpaka leo. Ndiyo harufu ya debe la mafuta ya taa nililolikunja kwa nyundo ya Baba, mwaka wa pili tangu tutoke Unguja kuhamia Maskati, nami nina miaka kumi na mmoja. Kule Baba alikuwa fundi magari. Maskati ya siku zile magari yalikuwa ya kuhesabu, basi akakaa bure. Alichobaki nacho ni picha aliyoikata gazetini: gari la mbio lenye pua iliyochongoka na mgongo laini kama wa jodari, lililovunja rekodi ya dunia kwenye uwanda wa chumvi. Akatufundisha sheria yake. Rekodi haihesabiwi kwa kwenda tu. Gari ligeuke, lirudi njia ileile, ndipo upepo usimpendelee mtu. Atakayeshinda kwa sheria hiyo, akasema, picha yake.

Nikaunda gari la debe, pua imechongoka. Seif, mtoto wa ami yangu, akatia magurudumu kwenye sanduku la chai, limesimama wima kama kabati. Nilimcheka! Tukaenda kwenye wadi ya Ruwi, bonde la mto mkavu, wakati ule changarawe tupu, Baba na saa yake ya mkono. Kila mtu akapanda gari lake, akijisukuma kwa miguu. Kwenda tulikwenda na upepo, ukalisukuma sanduku la Seif kwa nyuma, akanishinda kidogo. Sikujali. Kurudi ni kuukabili upepo, na pua yangu niliichonga kwa ajili hiyo.

Nikageuza gari. Wazee watatu wa mtaani wakasimama kututazama, na mmoja akauliza kwa Kiarabu kama binti huyu hana baba. Baba akaivua saa, akaitia mfukoni.

"Seif kashinda."

"Na kurudi jee, Baba?"

"Bas, nshasema! Mgeni ni kuku mweupe. Shuka."

Nikashuka. Loo, fundi mzima, anaijua sheria kuliko mtu yeyote Maskati, kaivunja mbele ya macho yangu kwa kuogopa maneno ya watu! Seif akapewa picha. Wiki haikwisha, kaifanya tiara ya kurusha upeponi.

Leo wadi ile imejaa mabenki na barabara za lami. Ni mimi ninayempeleka Baba hospitali na kumrudisha. Seif hana nafasi. Juzi, njiani kurudi, Baba akanisifu: "Mashallah, unaendesha kuwashinda wanaume."

Damu ikanichemka. "Ungeliniacha nirudi siku ile, Baba, ungelijua zamani."

 Akaivua saa, ileile, akaniwekea mapajani.

Nikamrudishia. Mimi nilitaka picha.