Régina na Mihogo ya Kijito cha Baridi

Mwaka 1953, barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mashariki mwa Kongo, ilipokuwa ikijengewa madaraja mapya, wanaume sitini walipiga kambi kando ya kijito. Mpishi wao alikuwa Régina, mke wa Gaston, fundi mwashi. Alikuwa wa kabila la Wabangubangu, mwanamke mnene, mcheshi, na sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, iliwafanya watu walambe vidole. Kazi ile aliipenda. Alifurahi kuwaona watu wakiinuka wameshiba.

Mihogo ya kambi ilikuwa ile michungu, inayozaa sana lakini yenye sumu mpaka ilowekwe. Régina aliimenya, akaizamisha kijitoni siku tatu kama mama yake alivyomfundisha, akaianika, akaitwanga, akasonga bukari, ugali wa huko. Miezi minane hakuna aliyelalamika.

Kisha ukafika Julai ya mwaka uliofuata. Mchana mmoja, saa chache baada ya kula, watu kumi na mmoja walishikwa na kizunguzungu na kutapika huku vichwa vikiwagonga. Marcellin, mganga wa zahanati, alikuja kwa baiskeli, akakesha nao. Hakufa mtu. Lakini maneno yalianza kuzunguka kambini kwamba Régina amewatilia sumu, kwa sababu Gaston mumewe hakuugua: siku ile alikuwa amekula wali kwa rafiki yake. Octave, kapita, yaani msimamizi wa kambi, hakumtukana Régina. Alimwambia tu apumzike asiguse sufuria mpaka mambo yajulikane. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Alirudi nyumbani akalia mpaka shuka ikalowa.

Asubuhi alikwenda kwenye kichanja, akauma kipande cha muhogo uliobaki bila kukauka, akatema papo hapo. Nje ulikuwa laini, moyo wake mchungu kama dawa. Akajiuliza amekosea wapi. Siku zilikuwa tatu, hakuzihesabu vibaya. Akaingiza mkono kijitoni kuosha kinywa, na maji yakamuuma vidole. Hapo akasimama. Kwao mama yake aliloweka kidimbwini, maji yaliyotulia, jua likiyapiga kutwa nzima. Hapa maji yalikimbia chini ya miti, na sasa kulikuwa na baridi.

Hakumwambia mtu. Aliomba mapipa mawili matupu, akagawa mihogo mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikaa kijitoni, la pili katika pipa kivulini. La tatu lilikwenda katika pipa juani, akatia na kata moja ya maji machachu aliyopewa na jirani aliyekuwa ameloweka yake. Siku ya tatu pipa la juani lilikuwa na povu na harufu kali ya uchachu. Akamwita Octave, na Marcellin naye akaja.

Muhogo wa kijito ulikuwa mgumu kama mpini. Ule wa kivulini ulilainika nje tu. Ule wa juani ulivunjika kati ya vidole mpaka kwenye uzi wa katikati. Marcellin aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasema uchungu umekwisha. Alieleza kwamba uchachu ule ndio unaoulainisha muhogo mpaka sumu itoke, nao hufanya kazi polepole penye baridi.

Octave alijikuna kichwa. "Sasa, Mama Régina, tuseme siku iko ngapi?"

"Kapita, siku haina kazi," akajibu. "Kidole njo kinasema. Kama haivunjike mpaka ndani, inarudi mu maji."

Muhogo ule ulisuuzwa, maji yake yakamwagwa mbali, ukaanikwa. Siku ya bukari ya kwanza, Régina alikaa mbele ya watu wote na Gaston ubavuni pake, akala tonge la kwanza na sombe. Wanaume walimtazama akimeza. Saa chache zikapita, naye hakuugua. Mmoja wa wale kumi na mmoja akasogea, akanawa mikono, akaomba sahani yake. Wengine wakafuata, na sufuria ikakwanguliwa mpaka chini.

Octave alimwomba radhi mbele ya kambi. Régina alimjibu kwamba hata yeye asingemwamini mpishi wa namna hiyo. Mapipa yakawa sita, yote juani.

Barabara ilipokwisha, Gaston alijenga nyumba Kabambare. Wanawake wa mtaa walizoea kumwita Régina awapapasie mihogo yao kabla ya kuianika, naye alikwenda, akapapasa, akakaa kupiga soga mpaka chakula kikaiva. Octave alipooa binamu yake Régina, chakula cha harusi ile alikipika Régina mwenyewe, bukari na kuku na sombe, na wageni walirudi kwao kwa miguu mizito ya shibe.