Mtunza Maabara wa Garissa na Maji ya Mtihani

Ni saa saba mchana mjini Garissa, na kila mwenye akili timamu yuko kivulini. Yarrow Abdille yuko jikoni mwa shule, mbele ya moto.

Anakanda unga wa ngano, kisha anaubandika kuzunguka kifuniko cha birika kubwa ili mvuke usipate pa kutokea. Mdomoni mwa birika amechomeka mpira. Mpira umeunganishwa na bomba la shaba, na bomba limepita ndani ya gunia analolimwagia maji kila mara lisikauke. Mwisho wa bomba kuna chupa ya kioo. Tone linaanguka. Yarrow anasubiri. Tone jingine linaanguka.

"Maji hii haina kitu ndani," anasema, akiinyanyua chupa nione. "Haina chumvi, haina udongo. Ukikunywa, unasikia kama umekunywa hewa. Lakini hii hakuna mtu anakunywa tena."

Neno hilo "tena" nililipuuza wakati ule. Baadaye nilijua kwamba ndilo lililobeba habari niliyoijia Garissa kwa ajili ya gazeti.

Yarrow ana umri wa miaka arobaini na mitano hivi; mwaka wa kuzaliwa kwake anaujua kwa jina la ukame, si kwa tarakimu. Ni mtunza maabara wa shule ndogo ya sekondari ya hapa, na mshahara wake ni shilingi tisini na tano kwa mwezi. Alikuwa mchungaji huko Sangailu. Vita hivi vya mashifta, wapiganaji wanaotaka eneo hili lijitenge na Kenya, vilipoanza, ng'ombe wake wengine walichukuliwa, wengine walikufa kwa kukosa malisho, na mwaka 1964 akaingia mjini na mkewe Osob, watoto wanne na fimbo. Shule ikamwajiri afagie.

Hajui kusoma. Hata hivyo, mwalimu wa sayansi, Bw. Lazarus Muriuki kutoka Embu, aligundua kwamba mfagiaji wake anazijua dawa zote kwa harufu na rangi, na kwamba hajawahi kuvunja hata bilauri moja. Akamkabidhi funguo.

"Namwambia ahesabu vyombo jioni, hataki," anasema Mwalimu Muriuki huku akicheka. "Anasimama tu mlangoni anavitazama. Siku moja akaniambia, 'Maalim, kuna mmoja hayupo, yule mwenye alama ya kuungua.' Nikahesabu mwenyewe. Kweli, kichupa kimoja cha majaribio kilikuwa kimepungua."

Yarrow haoni ajabu yoyote. "Mtu anahesabu ng'ombe yake? Ukihesabu, unaita hasara. Unawajua kwa sura."

Lakini kujua vyombo kwa sura hakutoshi. Shule hii inafundisha kile kinachoitwa sayansi ya jumla: mimea kidogo, sumaku kidogo, chura mmoja aliyepasuliwa mbele ya darasa zima. Mwanafunzi anayetaka kemia kamili au fizikia kamili, masomo ambayo bila hayo mlango wa udaktari haufunguki, sharti aende Nairobi, Thika au Machakos. Na tangu hali ya hatari ilipotangazwa, safari hiyo si ya kufunga mzigo na kuondoka. Kuna pasi ya kusafiria, kuna msafara wa magari yenye askari, kuna kizuizi cha mtoni. Mwaka jana wanafunzi wanne walipata nafasi katika shule za huko. Waliopata pasi ni wawili.

"Mimi nilipata barua ya nafasi, pasi nikakosa," anasema Dagane Keynan, kijana wa miaka kumi na minane wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Kutulo. "Kwa hiyo siwezi kwenda Kenya kusoma kemia. Labda kemia ije hapa."

Watu wa hapa husema "Kenya" wakimaanisha ng'ambo ya mto Tana. Kila nilipolisikia neno hilo niliumia.

Dagane anataka kuwa daktari wa mifugo. Ng'ombe arobaini wa baba yake walikufa katika wiki moja, anasema, na hakuna aliyejua ugonjwa. Ana kitabu cha kemia alichoachiwa na mwalimu aliyehama. Kurasa kumi na sita za mwisho hazimo. Kingine chote amekikariri, na akisimulia jinsi madini ya shaba yanavyoupaka moto rangi ya kijani, jambo ambalo hajawahi kuliona, macho yake yanaangaza.

Ili shule iruhusiwe kutahini kemia, ni lazima mkaguzi aje kutoka Nairobi, atazame vyombo, kisha wanafunzi wafanye majaribio mbele yake. Mkaguzi alikuja Septemba mwaka jana, kwa ndege. Maji ya majaribio, yaliyosafishwa kwa mvuke yasibaki na chumvi yoyote, yalikuwa yametangulia kwa msafara wa magari: chupa kubwa sita, kila moja galoni nne, zimefungwa kwa nta. Msafara ulichukua siku tisa kuzifikisha. Mwalimu Muriuki alimwambia Yarrow azilinde kuliko macho yake.

Alizilinda hadi adhuhuri ya siku iliyotangulia ukaguzi.

Adhuhuri ile lori lilipasuka gurudumu mbele ya lango la shule. Lilikuwa limebeba familia zilizotolewa porini kupelekwa katika kijiji kinacholindwa na askari, kama inavyofanyika siku hizi. Walikuwemo watu kama sitini, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Askari wakawaketisha juani, wao wakashughulika na gurudumu. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Pampu ya mji ilikuwa na siku mbili bila dizeli, na mabomba ya shule yalikuwa makavu. Mtoni kulikuwa kumefungwa hadi saa kumi. Walimu na wanafunzi walikuwa wamekwenda kufyeka uwanja wa ndege. Aliyebaki shuleni ni Yarrow.

"Mwanamke mmoja alikuja kwa fensi," anasimulia. "Hakusema mengi. Alisema 'biyo' tu, maji. Mimi ni mtu ya Sangailu, walaal, ndugu yangu. Kwetu mtu akiomba maji na wewe unayo, hakuna swali ya pili. Hata adui unampa kwanza, maneno baadaye. Nikafungua chuba ya kwanza. Watoto wakalia, nikafungua ya pili. Nikamaliza zote."

Nilimuuliza kama hakukumbuka mtihani.

"Nilikumbuka sana. Nikasema, maji ni maji. Nitarudisha."

Na akarudisha. Saa kumi askari waliporuhusu watu kuteka, alikodi punda, akaleta maji ya Tana. Yalikuwa mekundu kwa udongo, kama kawaida yake. Yarrow akafanya kama anavyofanya kila mtu wa kando ya mto huu: akakoroga shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia tope. Tope likatulia. Akayachuja kwa shali yake mara mbili. Yakang'aa kuliko yale ya Nairobi, anaapa. Akajaza chupa zote sita, akayeyusha nta, akafunga. Hakumwambia mtu. Haikuwa kwa hila, bali alidhani kazi imekwisha na imekwisha vizuri.

Asubuhi yake mkaguzi alifika. Wanafunzi kumi na tisa walipewa chumvi tano tofauti wazitambue. Walitakiwa kuyeyusha kila moja katika maji na kutonesha dawa ya kupimia. Chumvi moja tu kati ya hizo tano ilipaswa kugeuka nyeupe.

Zikageuka zote. Meza nzima ikawa nyeupe kama maziwa.

Wenye ujuzi wameshafahamu. Ile dawa huitafuta salfeti, na shabu imejaa salfeti. Hapakuwa na chumvi iliyopimwa siku ile. Iliyopimwa ni shabu ya Yarrow, mara tisini na tano.

"Vijana walijua kuna kasoro," anasema Mwalimu Muriuki. "Chumvi mbili wangeweza kuzitambua kwa rangi peke yake. Wangeweza kubuni majibu nao wakapita. Lakini niliwafundisha kuandika wanachokiona, hata kama hakipendezi. Wakaandika nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kumi na tisa."

Mkaguzi alikuwa na haraka, kwa kuwa ndege haikuruhusiwa kukawia. Katika ripoti yake aliandika kwamba majibu ya wanafunzi wote ni mamoja na yote ni makosa, hivyo yaelekea wamenakiliana. Shule ikanyimwa kemia.

Ndege ilipokwisha kuruka, Muriuki alichukua maji matupu ya chupa, akatonesha dawa. Yakawa meupe. "Nikamwita. Nikamuuliza, 'Mzee Yarrow, haya ni maji gani?' Akanieleza yote, tena kwa fahari, mpaka alipouona uso wangu."

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Yarrow ameamua kuyazoa. Tangu Oktoba amekuwa akichemsha kila mchana, wanafunzi wanapokuwa kwenye chakula na jiko liko wazi, chupa moja ndogo kwa saa moja. Tayari amejaza chupa kubwa tano. Ya sita imefika nusu. Mwalimu huyapima kila Ijumaa kwa ile ile dawa, na kila Ijumaa maji hubaki kama yalivyo.

"Amemaliza unga wangu," analalamika Osob, mkewe. "Watu wanakula anjera, bwana yangu analisha birika."

Muriuki alimwandikia mkaguzi barua, akaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya maji. Jibu lilikuja Februari: mkaguzi atarudi Jumanne ya tarehe 18 Aprili, na hiyo itakuwa mara ya mwisho kabla ya majina ya watahiniwa kufungwa. Zimebaki wiki mbili. Lakini lile neno, kunakiliana, bado limo kwenye faili, na Dagane anasema ndilo linalomchoma. "Akija, atatuangalia kama wezi. Sisi hatukuiba kitu."

Kwa nini barua haikusema ukweli wote? Nilimuuliza Mwalimu. Wale waliokunywa maji walikuwa watu wa porini chini ya ulinzi, na kuwapa chochote bila kibali cha askari, siku hizi, kunaweza kuitwa kuwasaidia mashifta. Alihofia kwamba Yarrow atafukuzwa kazi, kama si kufungwa. Ndiyo maana akalificha jina lake.

Nami nilitaka kulificha. Nilimwambia Yarrow kwamba gazetini nitamwita "mtumishi mmoja", basi.

Aliweka gunia chini. Sijamwona akiliacha gunia likikauka isipokuwa mara hiyo.

"Mtumishi mmoja ni nani? Mkaguzi atasoma hiyo, atasema ni uongo, maalim ametunga. Andika Yarrow Abdille, wa Sangailu. Andika nilifungua chuba kwa mkono yangu, na yule mwanamke akirudi kesho nitafungua hata hizi."

"Mzee, watakufukuza," Muriuki alimwambia.

"Wakinifukuza, nitachunga ng'ombe ya watu. Nimechunga zamani." Kisha akanigeukia. "Tarehe kumi na nane mimi nitasimama mlangoni. Nataka huyo mkaguzi aniangalie mimi kwanza, halafu aingie ndani aangalie watoto. Wao waliandika kweli, wallahi. Sasa na wewe andika."